Sikio la Kushoto la Mama Majivu

Kanvasi ilifika Jumatatu kwa basi la Arusha, imefungwa kwenye boksi la biskuti, na mpaka Jumanne jioni Tabitha alikuwa hajathubutu kuigusa. Aliiegemeza ukutani juu ya meza ya cherehani, akawa anapita mbele yake kwa adabu, mikono nyuma, utadhani kuna mgeni amekaa pale.

Na Tabitha si mwoga, tuelewane. Huyu ni fundi cherehani wa mtaa wa Nakwa anayekata kitambaa cha gauni la bibi harusi huku anaongea na simu. Lakini gauni likiharibika unatoa blauzi, na blauzi ikiharibika unatoa foronya. Kanvasi ikiharibika unatoa nini? Nusu mita kwa nusu mita, nyeupe pee, na ndani ya boksi kulikuwa na tyubu sita za rangi ya akriliki na brashi tatu mpya kabisa.

Aliyevituma ni binti yake Anjela, anayesoma chuo huko Arusha. "Mama, wewe unachora kila mahali," alimwambia kwenye simu. "Unachora kwa chaki mezani, unachora nyuma ya risiti ya umeme wa luku. Umefika miaka arobaini na nane. Sasa chora mahali pa maana."

Jumatano asubuhi jirani yake Salme, au Mama Najma, mwenye duka la vyakula mlango wa pili, aliingia na sahani ya vitumbua akamkuta bado amesimama anaitazama.

"Mama Anjela, unaiangalia kama barua ya posa," Salme alisema. "Ikubali au ikatae, mwenzako anasubiri jibu."

Tabitha akacheka, akaishusha, akaigeuza nyuma kama anavyogeuza kitambaa chochote kabla hajakinunua. Akaikwaruza kwa ukucha. Akapiga ukelele.

"Hee! Mama Najma, njoo uone! Amerikani hii! Wameivuta kwenye mbao, wamepiga pini, wamepaka nyeupe, halafu wanaiita kanvasi!"

Hofu yote ikamwisha pale pale. Amerikani anaijua tangu alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji, ameishona mito mpaka amechoka nayo. Akaketi, akaminya rangi kwenye sahani ya vitumbua kabla vitumbua havijaisha, akaanza kuchora birika la chai lililokuwa mezani. Alichora huku ulimi umemtoka nje. Alichora mpaka chai ikapoa ndani ya birika lenyewe. Alipomaliza, Salme aliinamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule.

"Bata mzuri," alisema.

Jamani, walicheka! Walicheka mpaka Salme akaegemea mlango, na Tabitha akajifuta machozi kwa mkono wenye rangi, akawa na shavu la kijani. Akampigia Anjela kumweleza, na Anjela akamwambia rangi hiyo inakauka upesi, kosa likishakauka unapaka nyeupe juu yake unaanza upya.

"Yaani nakosea, napaka nyeupe, na hakuna atakayejua?" Tabitha aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Mungu wangu," alisema Tabitha. "Mbona vitu vizuri namna hii mnavificha?"

"Mnacheka nini huko?" sauti nzito iliuliza kutoka sebuleni, na kicheko kikakatika.

Huyo alikuwa baba yake, Mzee Gidamis, mfugaji wa tambarare za Hanang, aliyekaa kwenye kochi na miwani myeusi ya hospitali na fimbo yake katikati ya magoti. Ijumaa iliyopita alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Na jicho lenyewe lilikuwa moja tu, maana la pili lilichomwa na mwiba wa mgunga miaka mingi iliyopita, likafa. Daktari alisema kwa kupanga vidole mbele ya uso wake: wiki nne mjini, matone ya dawa mara nne kwa siku, hakuna moshi, hakuna vumbi, hakuna kuinama. Akikaidi anaweza kupofuka moja kwa moja.

Mzee alisikiliza vidole vyote, akashukuru kwa heshima, akatoka nje akampigia Praygod, dereva wa Noah ya abiria ya Katesh, akamwambia ampitie Jumamosi ya wiki ijayo.

"Nimeona tayari," ndivyo alivyomwambia Tabitha. "Daktari alitengeneza jicho ili lione. Sasa linaona. Nibaki kufanya nini, kuangalia kabati?"

Jioni ile ya Jumatano waligombana kweli. Tabitha alimwambia ng'ombe wapo salama na Elineema, mtoto wa kaka yake, mtu mzima mwenye watoto watano. Mzee akasema Elineema anajua pikipiki, ng'ombe hawajui. Tabitha akamwambia bomani moshi wa kuni utamla jicho. Mzee akasema moshi huo amekaa nao miaka sabini na tano na hawajawahi kukosana. Tabitha akaja na chupa ya matone, mzee akafumba jicho kwa nguvu, dawa yote ikateremka shavuni mpaka kwenye shuka.

"Baba, ukipofuka ng'ombe utawaona kwa kitu gani?"

"Nitawashika," alisema mzee. "Lala salama, mama."

Tabitha alilala na hasira. Kilichomuuma si jicho peke yake, na hilo hakumwambia mtu. Baba yake aliweza kutaja bibi wa ng'ombe yeyote, na bibi wa huyo bibi, bila kukwama, lakini mwaka aliozaliwa Tabitha alikuwa anauliza watu. Siku zote Tabitha alijua zizi liko mbele na yeye yuko nyuma yake. Sasa kwa mara ya kwanza baba alikuwa amelala chini ya paa lake, na alikuwa anahesabu siku za kuondoka.

Alhamisi akaamka bado ana hasira, akampaka yule bata rangi nyeupe, akasubiri ikauke, akashika brashi. Hakupanga kuchora chochote. Mkono wake wenyewe ukaenda ukachora pembe. Chini ya pembe ukachora paji la uso, halafu pua pana, halafu macho mawili makubwa ya upole, na Tabitha akashtuka kuona anatazamana na Mama Majivu.

Jina la kilugha la ng'ombe huyo sitalitaja, maana nikilitamka vibaya wenyewe watanicheka. Maana yake ni majivu yaliyonyeshewa mvua, na watoto wa boma lile walimwita Mama Majivu. Tabitha alimchunga kuanzia miaka sita mpaka alipoanza shule akiwa na tisa. Alikuwa anamkumbuka kila mkunjo wa shingo, na alikuwa hajui kwamba anamkumbuka. Moyo ulimdunda. Alichanganya nyeusi na nyeupe, akapaka, akarudi nyuma hatua mbili, akarudi mbele, akaimba, akasahau kupika chai, wateja wawili waliokuja kuchukua sketi akawaambia warudi kesho, ilhali sketi zilikuwa zimeshakamilika zinaning'inia nyuma yake. Saa nne asubuhi alikuwa anarukaruka peke yake kwenye chumba cha cherehani na brashi mdomoni.

"Ni nani huyo?" Mzee Gidamis alikuwa amesimama mlangoni. Miwani alikuwa ameipandisha juu ya paji la uso.

Tabitha akatoa brashi mdomoni. "Baba, shikamoo."

"Marahaba. Ni ng'ombe wa nani huyo?"

"Wako, baba. Mama Majivu."

Mzee alisogea karibu, karibu kabisa, pua ikabaki kidogo tu iguse rangi. Akamkagua kuanzia pembe mpaka pua. Tabitha akaanza kuhisi joto la furaha linapanda shingoni.

"Si wangu," alisema mzee. "Ana masikio mazima."

Hapo Tabitha akajishika kichwa. Ng'ombe wa ukoo wao wote hukatwa ncha ya sikio la kushoto wakiwa ndama. Ng'ombe asiye na mkato ni wa kupotea au wa wizi, na kumweka ng'ombe wa namna hiyo nyumbani ni kutafuta kesi.

"Akipita mtu wa kwetu hapa," mzee alisema, akishusha sauti na kutazama dirishani, "akaona ng'ombe mzima hana alama, ndani ya nyumba ya binti yangu, atasema nini? Mkate sasa hivi."

"Namkata, baba, usijali." Tabitha akachovya brashi kwenye nyeupe, akafuta ncha ya sikio la upande wa mkono wake mwenyewe wa kushoto, safi, kama anavyokata kitambaa. "Haya. Tayari."

Ala! Mzee alipiga fimbo chini mpaka bobini zikaruka mezani.

"Tabitha! Umemtoa ng'ombe wangu!"

"Nimefanya nini tena?"

"Anakutazama huyo! Anakutazama usoni! Kushoto kwako ni kulia kwake! Umekata la kulia!" Mzee aliielekezea kanvasi fimbo. "Kulia ni mkato wa shemeji zangu! Walimtaka Mama Majivu mpaka akafa, nikawanyima mpaka akafa, leo umewapa bure kwa brashi!"

Tabitha alitaka kuomba radhi, haki ya Mungu alitaka, lakini kicheko kilimkaba. Alibana midomo. Kikatokea puani. Akakaa chini sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu, na Salme aliyekuja mbio akidhani kuna ugomvi akaelezwa, naye akakaa chini.

"Msicheke!" alisema mzee. "Lete hiyo." Akampokonya brashi.

Aliishika ngumi nzima, kama mtu anavyoshika kisu. Tabitha akakumbuka habari ya kuinama, akaiinua kanvasi haraka akaitundika kwenye msumari wa futi kamba, usawa wa uso wa mzee. Mzee akachovya, akasogea. Akarudisha ncha ya sikio la kulia. Brashi iliteleza, ncha ikawa ndefu kidogo, ikafanana na ya punda.

"Imeharibika," alisema, na sauti ilimwisha nguvu.

"Haijaharibika, baba. Ikikauka unapaka juu yake, unaanza upya."

"Inakubali?"

"Inakubali hata mara kumi."

Mzee Gidamis aliigeukia kanvasi akaiangalia kwa macho mapya, na hapo nasema jicho moja lakini mtanielewa. Akaanza upya. Mara ya tatu sikio la kulia likapona. Akahamia la kushoto, akakata ncha, akarudi nyuma akatazama, na uso mzima ukafunguka. Tabitha hakuwahi kuona meno yale ya nyuma ya baba yake.

"Amerudi," alisema mzee. "Sasa tutengeneze rangi. Huyu siyo ng'ombe, ni bati jipya."

Ukweli ni kwamba nyeusi na nyeupe za Tabitha zilikuwa zimetoa kijivu cha bati. Wakatia njano, Mama Majivu akawa kama ana homa ya manjano. Wakatia nyekundu, Salme akasema sasa ameiva, tumpakue. Mzee akaacha kubishana na tyubu. Akauliza majivu yako wapi.

"Majivu gani, baba? Mimi napikia gesi."

"Mimi ninayo!" Salme akaruka. "Ya jiko la vitumbua!" Akatoka mbio na khanga inapepea, akarudi na kopo limejaa. Tabitha akampeleka mzee kwanza chumba kingine vumbi lisimfikie jicho, akayachekecha majivu kwa chujio la chai, akayakoroga na rangi nyeupe na maji kidogo, akamwita. Wakapaka. Ikakaa pale ile rangi yenyewe, majivu yaliyonyeshewa mvua.

"Ndiye," alisema mzee polepole. "Tabitha, ndiye. Karibu atikise mkia."

Halafu akapiga makofi, mzee wa miaka sabini na tano, na Salme akapiga kigelegele, na majirani wawili wakachungulia dirishani kuuliza nani anaolewa.

Saa nane Tabitha alipokuja na chupa ya matone, mzee aliinua uso mwenyewe akafungua jicho. "Weka, weka upesi," alisema. "Ukungu unanizuia kuona chini ya shingo."

Ijumaa mzee akataka kanvasi ya kwake. Hiyo moja ilikuwa ya Tabitha, alisema, na yeye si mtu wa kuchungia mifugo kwenye malisho ya mtu. Tabitha akatoa amerikani kutoka kwenye kabati, akapata vipande vinne vya mbao vilivyobaki kwenye dari, akagongelea pembe, akavuta kitambaa huku mzee amemshikia upande wa pili kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Kama ngozi," alisema mzee. "Unaanza katikati, pembe mwisho. Nani alikufundisha?" Tabitha akamwambia hakuna, ni cherehani tu. Wakapaka rangi nyeupe ya ukuta iliyochanganywa na gundi ya mbao, wakaianika uani. Mzee alikaa kivulini akailinda dhidi ya kuku siku nzima.

Lakini jioni alipanga begi. Shuka, redio, dawa ya meno. Chupa ya matone aliiacha mezani.

"Baba, bado unaondoka?"

"Nimeshamwambia Praygod."

"Na jicho?"

"Ng'ombe wa kuchora hanywi maji, Tabitha. Wangu wanakunywa."

Tabitha aliliacha begi kama lilivyo. Alikuwa ameanza kuamini kwamba baba atabaki, mjinga yeye, na siku mbili za kicheko zilimfanya asahau kujiandaa. Akaenda jikoni akafungua maji ya bomba yapige kelele, akalia. Alimtaka baba yake abaki. Si kwa ajili ya daktari. Alimtaka tu.

Jumamosi saa mbili asubuhi Noah ya Praygod ikapiga honi nje ya geti. Begi lilikuwa mlangoni na fimbo imelazwa juu yake. Mzee hakuwepo kwenye kochi. Tabitha alichukua chupa ya matone ajaribu mara ya mwisho, akaenda chumba cha cherehani.

Mzee Gidamis alikuwa amesimama mbele ya kanvasi yake. Inaonekana alikuwa pale tangu kulipopambazuka, maana rangi ilikuwa imemfika viwikoni. Mama Majivu alikuwepo, mkubwa, anakwenda upande, na sikio la kushoto limekatwa barabara. Miguu ilikuwa mitano. Na nyuma ya ng'ombe, amemshika mkia, kulikuwa na kitu kidogo chekundu chenye kichwa cha mviringo.

Honi ikalia tena.

"Baba, Praygod amefika," alisema Tabitha. "Hicho chekundu ni nini?"

"Huoni? Ni wewe."

Tabitha alisogea. Kitu kilikuwa na shuka jekundu na mikono miwili, na uso haujawekwa.

"Ulikuwa unamshika mkia mkirudi," alisema mzee, bila kugeuka. Alikuwa anachagua brashi. "Ulikuwa mdogo mno kwa kazi ile. Mama yako alinisema sana. Kila jioni nilisimama mlangoni pa boma mpaka niwaone mnakuja."

"Najua, baba. Ulikuwa unahesabu ng'ombe."

Mzee akageuka sasa, akamtazama kwa jicho lake moja, jekundu kidogo, zima.

"Ng'ombe wanajua njia ya nyumbani," alisema. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Tabitha aliiweka chupa juu ya meza. Alishika ukingo wa cherehani. Machozi yalimtoka na kicheko kikamtoka hapo hapo, vyote kwa pamoja, hakujua aanze na kipi.

Mlango ukagongwa, Praygod akaingiza kichwa. "Hodi! Shikamoo mzee. Abiria wananilalamikia huko, twende zetu."

"Marahaba," alisema Mzee Gidamis. "Nenda, kijana. Nitakupigia."

"Mzee, si ulisema leo?"

"Nilisema. Lakini mtoto wangu bado hana uso." Akarudi kwenye kanvasi, akainua kidevu, akafungua jicho kwa vidole viwili. "Tabitha, acha kulia, weka dawa. Nataka nikuone vizuri."